Miwa au mbono kaburi: upi unaumiza Mto Sabaki zaidi?

Mimea hii miwili hulimwa kwa nishati: miwa hutoa ethanoli, mbono kaburi (jatropha) mafuta ya dizeli. Miwa ni mlevi wa maji. Huhitaji milimita 1,500 hadi 2,500 kwa msimu, na mvua ya Malindi ni kama 1,000 tu kwa mwaka. Pengo hilo hutolewa mtoni, tena kiangazi, mto ukiwa umeshapungua. Kisha mbolea. Yuria ina naitrojeni asilimia 46. Ukiimwaga yote kabla ya masika, mvua ya kwanza huishusha mtoni. Mwani huchanua, hufa, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni. Alfajiri utaona samaki wamepanda juu, midomo wazi. Gawa dozi mara mbili au tatu, ufukie. Kiwandani nako, kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji machafu, ya moto na yenye asidi; bwawa likifurika, kijito kimekwisha.

Mbono kaburi huvumilia ukame, ingawa bila maji mbegu ni chache, jambo wauza miche hawalisemi. Tatizo lake ni udongo: mita 2 hadi 3 kati ya miche hubaki wazi, na tope huishia kwenye matumbawe ya Malindi, ambayo tayari yanabeba la Sabaki. Panda nyasi za vetiva kukingama mteremko. Mashudu ya mbono, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, ni sumu kwa samaki, usiyarundike karibu na maji.

Kando ya mto, ni afadhali mbono, ukiacha ukanda wa miti mita 30. Msitu ukikatwa kuupisha, afadhali hiyo haipo.