Fundi alitia mafuta ya alizeti kwenye Singer ya mama yangu

Nimevumilia, lakini leo naandika. Kama uko Dodoma na una cherehani ya zamani, yule fundi wa jirani na soko la Majengo mpitie mbali.

Singer yangu ni ya kukanyaga, ya kutoka Clydebank kule Uskoti, kiwanda kilichofungwa tangu 1980. Mama aliishonea sare za shule, mimi nikairithi. Ilianza kuruka mishono, na hilo halikunishangaza, maana upepo wa kiangazi hapa kwetu unaingiza vumbi mpaka kwenye nyumba ya bobini, kile kikasha cha uzi wa chini. Nikampelekea. Nikamsalimia vizuri kwa Kigogo, "mbukwa", hata uso hakuinua. "Mama, hiki chuma kauze kwa kilo."

Kauze kwa kilo! Cherehani iliyotusomesha!

Nikanyamaza kwa sababu kazi za watu zilikuwa zinanisubiri. Akafungua, na kusema kweli mkono anao. Alipanga sindano na ile ndoana ya chini inayonasa uzi zikakutana barabara, mshono ukatoka umenyooka, juu na chini sawa. Nikaanza kumsamehe. Mara akachukua chupa ya maji yenye kitu cha njano, akamimina kwenye matundu yote. Kuuliza, naambiwa alizeti. "Mafuta ni mafuta, mama."

Si kweli! Alizeti ni ya kupikia. Mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma yanaganda, yanakuwa gundi, na vumbi lote linanasa humo. Hazikupita siku nyingi gurudumu likawa zito, nakanyaga mpaka magoti yanauma, mkanda unateleza, uzi unakatika katikati ya kola. Nikarudi kwake. Akasema kosa ni langu, eti bobini naijaza uzi wa bei rahisi. Uzi ule ule ninaoshonea miaka yote! Bisibisi hakuigusa.

Nikaisafisha mwenyewe. Mafuta ya taa kila tundu, nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono, uchafu wa kahawia ukatoka, nikafuta, nikarudia hadi kitambaa kikatoka safi. Ndipo nikaweka mafuta yenyewe ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja moja. Kupima mkazo wa uzi, nyumba ya bobini nikaining'iniza kwa uzi wake: ikatulia, nikiitikisa inashuka kidogo na kusimama. Ikidondoka moja kwa moja imelegea, isiposhuka kabisa imekazwa mno. Sasa inashona kanga na kaki bila kuruka, nabadili sindano tu, namba 14 kwa kanga, namba 18 kwa kaki.

Kwa kupanga sindano sijaona wa kumfikia, haki yake nampa. Nilitaka hata kuandika kwamba mpelekeeni, ila mafuta mtie wenyewe nyumbani. Lakini nikikumbuka ile "kauze kwa kilo", na mama yangu alivyokuwa akiifuta mashine ile kila jioni, hapana. Msimpelekee hata mkasi wa kunoa.