Uzoefu wangu: usiku mbili West Baden Springs, hoteli iliyoanza na maji

Nimelala West Baden Springs usiku mbili na mama yangu mzazi. Iko Indiana huko Marekani, bonde moja na mji wa French Lick, na naandika kwa sababu niliona watu wengi wanaingia wanapiga picha pale katikati wanatoka, hawajui kabisa hiyo nyumba imepitia nini.

Kilichotupeleka ni magoti ya mama. Yanamsumbua miaka sasa, akasikia kuna hoteli ya chemchemi za madini akaniambia mwanangu nipeleke nikaoge. Njiani nikamsimulia kwamba lile neno Lick kwenye jina la mji ni kulamba, yani zamani wanyama wa porini walikuwa wanakusanyika pale kulamba chumvi inayotoka na maji ardhini, akanikatiza akasema kumbe kama ng'ombe na magadi. Ndio hivyo hivyo mama.

Sasa ukiingia ndani. Unapita kwenye korido ya kawaida tu halafu ghafla uko chini ya kuba, kipenyo karibu mita 61, kimo kama mita 30, na hakuna nguzo hata moja katikati, vyumba vimelizunguka ghorofa 6 juu. Mama alisimama akashika mkono wangu hakusema kitu. Hoteli ya kwanza ilikuwa ya mbao ikaungua yote Juni 1901, mwenyewe Lee Sinclair akasema anataka nyingine isiyoungua na anaitaka ndani ya mwaka, akapatikana msanifu Harrison Albright aliyekubali hiyo kazi na kweli 1902 ikafunguliwa. Kitu kilichonishika mimi ni zile mbavu za chuma, ziko 24, miguu yake imekaa juu ya magurudumu ili jua likipiga chuma kikitanuka kiweze kusogea bila kupasua ukuta. Fikiria mtu kawaza hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita! Marekani nzima hapakuwa na kuba lililolizidi upana mpaka 1955. Na juu kabisa, mbavu zinapokutana, kuna kachumba kaduara kamechorwa malaika ukutani, ukiwa chini huwaoni.

Ushauri wangu chukua ziara ya historia siku ya kwanza, usisubiri siku ya kuondoka. Ndio utajua kwamba maji yenyewe yaliitwa Sprudel, na ya jirani pale French Lick yaliitwa Pluto, yakawekwa kwenye chupa yakauzwa nchi nzima, tangazo likisema maumbile yakishindwa Pluto ataweza. Kuweza nini? Kufungua choo! Yana chumvi zile zile za haluli, watu matajiri walisafiri kwa treni kuja kunywa vikombe asubuhi, kuoga, kutembea bustanini, usiku kamari.

Halafu yakaja mabaya. Soko la hisa likaanguka 1929, wageni wakapotea, 1932 ikafungwa, na 1934 mmiliki wa wakati huo akawaachia Wajesuti, watawa wa Kikatoliki, kwa dola 1, dola moja jamani. Wakaifanya nyumba ya masomo ya kitawa mpaka 1964, wakaondoa mapambo mengi, chemchemi zikazibwa. Makaburi yao bado yako pale kwenye kiwanja, tulipanda kuyaona, misalaba imepangwa kwa mstari, mama akasali kidogo. Baadaye kikakaa chuo, nacho kikaondoka 1983, nyumba ikabaki na mvua na baridi mpaka 1991 kipande cha ukuta kikaporomoka. Walioiokoa ni watu wa Indiana Landmarks, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, pamoja na mtu na mke wake, Bill na Gayle Cook, waliomwaga hela zao, na 2007 wageni wakaanza kulala tena baada ya miaka 75. Nikipita kwenye ile sakafu ya vipande vidogo vidogo vya marumaru nilikuwa nakanyaga taratibu.

Kwa hiyo usiende West Baden ukitegemea kunywa kwenye chemchemi, vibanda vya bustanini vinapendeza ila ni vya kuangalia. Kuoga tulienda hoteli ya jirani, ni kama kilomita moja na nusu hivi, wanakuwekea maji ya madini ya moto kwenye beseni. Harufu ni ya yai viza na haina kificho, ukishakaa dakika chache unaizoea. Sitasema magoti yamepona. Ila usiku ule mama alilala mpaka asubuhi bila kuamka, na hajalala hivyo muda mrefu sana.

Kuna jambo moja ningependa kila mgeni aliulizie. Wahudumu na wapagazi wa zile enzi wengi walikuwa Wamarekani weusi, na kupanga chumba kama wageni hawakuruhusiwa. Walikuwa na kanisa lao, na kuanzia 1910 C. I. Taylor aliongoza pale timu ya besiboli ya weusi, West Baden Sprudels, jina la maji yale yale, kabla hajahamia Indianapolis 1914. Mimi hapo nilikaa sana kuliko kwenye habari za mastaa waliolala humo.

Chumba omba cha kuangalia ndani chenye kibaraza. Usiku wanawasha taa za rangi kwenye kuba, tulikaa pale na mama amejifunika khanga yake, anawaangalia wahudumu chini wakipita na trei, akaniuliza, "Na wale wa zamani, nao walikuwa wanapewa haya maji wakiumwa magoti?" Asubuhi nikamrudia yule mwanamke aliyetutembeza kwenye ziara kumuuliza.