Componon-S 80 f/4: nimeitumia kutoa picha ya mita moja ku Katuba, Lubumbashi, haya njo maoni yangu

Hii lensi sikuinunua juu ya mapenzi. Nilikuwa na ile iliyokuja na agrandiseri (mashini ya kukuza picha kutoka filamu) ya papa yangu, ya vioo vitatu tu ndani, na kwa picha za sentimita 18 kwa 24 hakuna mtu aliwahi kulalamika, ndoa, ubatizo, karte za shule, zote zimepita mule miaka papa alikuwa na studio. Shida imeanza siku kaka mmoja mwenye kufungua restora mu mji amekuja nyumbani, amefungua boksi ya negatifu za papa, amevuta moja ya sentimita 6x6, wafanyakazi wanarudi nyumbani juu ya kinga (baisikeli) zao na shimini ya Gécamines, kampuni ya madini, iko nyuma inatoa moshi, kisha akasema naitaka hii, mita moja kwa mita moja, ya kuweka ku ukuta pale watu wanaingilia. Nikasema sawa. Ningefikiri kwanza.

Na lensi ya zamani katikati ilitoka vizuri, lakini ku pembe watu wameyeyuka kama sabuni mu maji, mutoto mmoja ku mukono wa kushoto hata hujui kama ni mutoto ao ni mufuko. Njo nikatafuta hii ya Schneider, ya mkono wa pili, dola 75 pamoja na usafiri, uzi wake wa kufungia ni M39 (milimita 39) kwa hiyo imeingia fasi ya ile ya zamani bila kuchonga kitu. Ndani iko na vioo sita. Kabla ya kulipa omba muuzaji apige picha ya lensi na tochi nyuma yake, ukungu utauona pale, mikwaruzo kidogo ya mbele haisumbui sana lakini ukungu unakula weusi wote wa picha.

Mu mukono inajisikia vizuri. Diafragma, lile tundu la kupitisha mwanga, inagonga kila hatua, unahesabu mu giza bila kuangalia, na kuko kidude pembeni cha kuondoa kule kugonga kama unataka kwenda polepole. Namba inawaka juu kuko kidirisha kinachopitisha taa ya agrandiseri. Kwa picha ndogo kile kidirisha ni raha, kwa picha inayokaa wazi karibu dakika mbili mi nimekifunika na skochi nyeusi, juu ile taa inatoka pembeni na kuzunguka chumba, na chumba changu ukuta ni mweupe (najua, najua, nitaupaka).

Sasa kuhusu ukubwa. Negatifu ya 6x6 kwa kweli ni milimita 56, kuifikisha mita moja ni kuikuza mara 18 hivi. Hesabu yake ni rahisi: milimita 80 za lensi mara 19 (ile 18 na moja juu yake), yaani lensi inakaa mita moja na nusu kutoka ku karatasi. Nguzo ya agrandiseri yangu haifiki hata nusu ya hiyo, kwa hiyo nimelaza kichwa, inapiga ku ukuta kama sinema, na karatasi inashikwa na sumaku juu ya bati. Kwa 18 lensi imejibu vizuri sana, ku pembe unaona mpaka spoku za baisikeli ukisogea karibu. Kuko lensi zingine zimetengenezwa hasa kwa mapicha manene zaidi, Rodagon-G ya Rodenstock njo moja, lakini bei yake iko kule juu na kwa mita moja kutoka 6x6 mi sioni haja. Kama uko na negatifu ya milimita 35, hapo tuongee lugha ingine, juu mita moja kwa moja na nusu kutoka 35 ni kukuza zaidi ya mara 40 na hata lensi ya mufalme itakuonyesha chembe za filamu tu.

Diafragma mi nafunga mpaka 8, basi. Wengi wanafikiri ukifunga mpaka 16 ao 22 picha itazidi kukata, hapana, inaanza kulainika yenyewe, na pia utakufa na kungojea. Ile negatifu kwa picha ya sentimita 24 ilikuwa inaniomba sekunde 8. Kwa mita moja, diafragma ileile, imeniomba karibu 100, na bado nimeongeza kidogo juu karatasi inachoka kwa mwanga mdogo.

Na hapa njo nataka watu wasikie vizuri, juu nilikaa wiki mbili nikiitukana lensi ya watu bure. Ukikuza mara 18, kosa la kulala vibaya kwa negatifu linazidishwa 18 mara 18. Negatifu ikiinuka upande mmoja sehemu moja ya kumi ya milimita, ku ukuta ile foka (fasi picha inakata vizuri) inaruka sentimita tatu. Upande wa kulia ulikuwa unakataa kila mara, nikageuza lensi, nikaisafisha, nikafikiri imeanguka mu safari, kumbe ni kishikio cha negatifu kimepinda, na tena filamu ilikuwa inapata joto la lampu na kujikunja katikati ya sekunde zile 100. Nimeweka kishikio cha vioo viwili, nikapima foka ku pembe zote nne na kile kioo cha kuonea chembe, na matatizo yakaisha siku ile ile. Lensi haikuwa na kosa hata moja. Nikiwa na dola 75 tena na kuchagua kati ya lensi na kishikio cha vioo, wallahi ningeanza na kishikio.

Umeme pia. Lampu ya zamani ya waya, umeme ukishuka asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30, kwa hiyo bila stabilizatere kila karatasi inatoka na rangi yake. Nafanya usiku baada ya saa tano, lori zimepungua barabarani na ukuta hautetemeki.

Karatasi ni rolo ya Ilford ya plastiki, sentimita 106.7, imetoka Johannesburg ikapita Kasumbalesa ku mpaka wa Zambia, na ile bei sitaiandika hapa madamu asije akasoma. Kuosha natumia bomba za plastiki za maji machafu za 110 zilizopasuliwa katikati, tatu, kila moja inakula litre nne, unakunja na kukunjua karatasi mu dawa kama unatandika mukeka. Revelatere, dawa ya kutokeza picha, nafanya 1 kwa maji 14 fasi ya 1 kwa 9, inakupa dakika moja na nusu badala ya dakika moja, juu dakika moja na karatasi ya mita unaanza kuona mistari kabla hujafika ku mwisho.

Kaka wa restora amelipa, picha iko ku ukuta wake. Juzi akaomba ya pili, shimini peke yake, na nikiwa ku sekunde ya 70 umeme ukakatika mtaa muzima. Ile karatasi nimeikata vipande vipande mu giza, njo navifanyia majaribio wiki hii.