Vichupa kumi vya ladha za vepu: iliki imenibeba, ndimu imeniudhi

Sigara nimeiacha mwaka wa pili huu, nimebaki na vepu, yaani sigara ya umeme, na tangu mfungo uliopita najichanganyia majimaji yake mwenyewe hapa Ngamiani. Wewe usiyevuta, usianze kwa sababu yangu. Haya nawaandikia wenzangu tuliokwisha kuingia.

Seti niliyonunua ni vichupa kumi vya mililita 10, shilingi 85,000, na 5,000 ya mzigo kwa basi kutoka Dar. Vilifika vimeviringishwa kwenye gazeti, hata kimoja hakikuvuja. Muuzaji simtaji, mtaona sababu.

Nilianza na stroberi, nikaanza vibaya. Nilidhani ladha ikizidi, utamu nao unazidi. Kwenye chupa ya mililita 30 nikatia mililita 6, asilimia 20 hiyo! Ikawa kama kuvuta sabuni ya unga. Nikashuka mpaka 10, nikaja 7, nikatulia kwenye 5, yaani mililita moja na nusu tu. Hapo ndipo stroberi ilipotokea. Ladha hizi zimekolezwa mno, ukizidisha zinageuka uchungu, na koili, ule waya unaopasha moto majimaji, nayo inaungua upesi. Kingine, usionje michanganyiko sita siku moja. Mimi ulimi ulikufa kabisa, ikabidi nikae barazani na kahawa chungu mpaka hisia zikarudi.

Sindano ya kupimia niliiacha mapema, glisarini, yale majimaji tunayochanganyia ladha, ni nzito, inang'ang'ania. Nikaazima mizani ya sonara jirani, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ila ukipima kwa uzito kumbuka mililita moja ya glisarini ni gramu 1.26, siyo 1. Mimi nilisahau, chupa nzima ikatoka nyepesi kama maji.

Vanila ilitaka subira. Siku ya kwanza ilinuka plastiki mpya. Nikaifungia kabatini, gizani, wiki tatu, ikatoka na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya keki. Kabla ya kununua nilidai karatasi ya kiwandani inayoonyesha haina diasetili, ile inayotoa harufu ya siagi. Kuila haina neno, lakini kuivuta ndiko kulikowaharibu mapafu wafanyakazi wa viwanda vya bisi kule Marekani. Hapo muuzaji alinitumia picha ya karatasi bila maneno mengi. Nampa haki yake.

Iliki sasa! Mtu wa Tanga haambiwi iliki ni nini, tunaishusha kutoka Amani. Kwa asilimia 2 ilikuwa kama umeingia chumba cha bibi harusi, udi mtupu. Kwa asilimia 1, pamoja na vanila 4, nikapata chai ya asubuhi kamili. Hiyo ndiyo ninayovuta mpaka leo, na kichupa kile peke yake ningekinunua tena hata kwa bei ya viwili.

Chungwa nilililia. Mimi nimekulia Muheza, chungwa nalijua, na lile halikuwa chungwa, lilikuwa dawa ya kupigia deki. Siku ya nne likapasua tangi langu la plastiki nikiwa kazini, simu ya mteja iko wazi mezani, majimaji yakanitiririkia mfukoni. Ladha za jamii ya machungwa zinakula plastiki, tumia tangi la kioo.

Na ndimu ndiyo iliyonikosanisha na muuzaji. Nimetikisa, nimetikisa, inaelea juu kama mafuta ya taa kwenye ndoo. Kumbe ni mafuta kweli. Mafuta hayavutwi, yanakaa mapafuni. Nikampigia picha, akanijibu, "Kaka, tikisa zaidi." Nimemwaga. Na yule rafiki yangu aliyenishauri nidondoshee mafuta ya karafuu, jibu lake ni hilohilo.

Vilivyobaki, embe, nazi, mnanaa na wenzao, ni vya kawaida tu, sina la kusema.

Chupa ya nikotini naiweka juu ya kabati, kwenye kopo lenye kufuli, watoto wasiifikie. Ladha zenyewe hazina nikotini, ni zilezile za vyakula, kwa hiyo lile chungwa mama watoto amelichukua, anatia matone mawili matatu kwenye barafu za kuuza. Jana zimeisha kabla ya adhuhuri.