TAHADHARI: Muuza darubini za "inakuza mara 675" hapa Dar, msome kabla hamjamtumia hela

Wakuu habari za muda huu. Hii naandika kwa ajili ya wale wenzangu mnaopenda kupiga picha za mwezi na sayari mkiwa hapohapo nyumbani, bustanini au uani, na zaidi kwa wazazi mnaotaka kumnunulia mtoto darubini yake ya kwanza. Kuna jamaa anauza mtandaoni, leo anasema yuko Kariakoo, kesho Sinza, ukimbana anakwambia stoo iko Mbezi, na duka lenyewe hakuna mtu aliyewahi kuliona kwa macho. Bei laki tatu na nusu "na vifaa vyake vyote". Jina la akaunti sitaji kwa sababu limeshabadilishwa, na nikitaja la leo wiki ijayo litakuwa lingine, bora niwaambie anavyocheza ili hata akija na sura mpya mumjue.

Aliyepigwa ni mama mmoja jirani yetu hapa Kimara, alimnunulia mwanae aliye kidato cha tatu. Mzigo umekuja na boda, hela imelipwa getini, boda kasepa, ndo boksi linafunguliwa. Ule usiku mwezi angani ulikuwa mchanga, siku ya tatu tu toka uandame, dogo akahangaika weee akaona ukungu wenye rangi rangi pembeni, mama akampigia muuzaji. Sasa sikilizeni alichojibiwa: mama usiwe na haraka, subiri mwezi ukomae ufike kumi na nne, hapo ndo mtaona vizuri. Mama wa watu kakubali, maana ukisikia hivyo unaona kama ina maana. Kumbe kwenye ile risiti ya karatasi imeandikwa kwa chini kabisa, kurudisha mzigo mwisho siku saba. Toka mwezi wa siku tatu mpaka wa siku kumi na nne, siku saba zimeshapita zamani! Alipopiga tena akaambiwa muda umeisha, kisha akablokiwa.

Na uongo wenyewe ni wa kijinga kwa mtu anayejua kidogo. Mwezi mpevu ndo mbaya kuliko wote kwa kuangalia na kwa kupiga picha, kwa sababu jua linaumulika usoni moja kwa moja, mashimo na milima yake haina vivuli, unaona sahani nyeupe tu inayoumiza macho. Mwezi mzuri ni ule mchanga mpaka nusu, pale kwenye mstari wa mwanga na giza ndipo kila shimo lina kivuli chake na hata simu ya kawaida inatoa picha ya maana. Kama darubini haikuonyeshi mashimo mwezi ukiwa nusu, hiyo mpevu haitaifufua.

Dogo akaniletea nikaikalia mezani. Kwenye bomba limebandikwa stika, milimita 60 upana wa lenzi ya mbele, fokasi (umbali toka lenzi mpaka pale mwanga unapokutana) milimita 900. Nikaondoa mfuniko nikamulika kwa tochi ya simu kwa ndani, aisee, nyuma ya lenzi wamepachika duara la plastiki nyeusi lenye tundu katikati, tundu halizidi mfuniko wa chupa ya maji. Nikaweka rula, milimita 32. Yani umelipia lenzi ya 60 lakini mwanga unapita kwenye 32, ukipiga hesabu ya eneo hata theluthi moja ya mwanga haifiki kwenye jicho. Wanafanya hivyo kwa sababu lenzi yenyewe ni kipande kimoja tu cha hali ya chini, ya maana inakuwa na vioo viwili vilivyobanana ili rangi zisitawanyike, sasa hii wakiiacha wazi yote mwezi utavaa upindeupinde wa zambarau na njano, kwa hiyo wanaiziba ili aibu isionekane sana. Hili tundu ndilo la kuangalia kwanza ukishikishwa darubini ya bei hiyo, tochi tu ya simu inatosha na muuzaji hawezi kukukatalia kuangalia kwa mbele. Akikukataza, umeshapata jibu.

Tuje kwenye hiyo 675. Namba haijatungwa, ndo utamu wa huu utapeli. Unachukua fokasi 900 unagawanya kwa kale kalenzi ka jicho ka milimita 4, unapata 225, halafu kwenye boksi kuna kijibomba cha plastiki cha kuzidisha mara 3, 225 mara 3 ni 675. Hesabu sahihi kabisa, na haina faida yoyote. Kinachoamua ukuze kiasi gani ni upana wa lenzi ya mbele au kioo kikuu, wazoefu wanapiga kama mara 2 kwa kila milimita moja, basi milimita 60 safi ikijitahidi sana ni mara 120, na hii iliyozibwa mpaka 32 hata 70 haifiki. Ukilazimisha zaidi ya hapo unakuza ukungu. Halafu dunia inazunguka jamani, kwenye ukuzaji mkubwa hivyo sayari inaingia upande mmoja na kutokea wa pili ndani ya sekunde kama kumi, na ile stendi yake miguu ya bati nyembamba ukiigusa tu inatetemeka, mpaka itulie sayari imeshaondoka. Kuweka simu hapo upige picha ni ndoto.

Muuzaji wa kweli ukimuuliza darubini hii vipi atakutajia upana kwanza. Huyu ukimuuliza upana anakwambia "boss hii ni 675" tena na tena.

Picha anazoweka kwenye akaunti yake ndo kichekesho. Kaweka Zuhali (Saturn, ile sayari yenye pete) anasema kaipiga yeye Jumamosi bustanini kwake kwa simu. Ile picha upande mmoja wa sayari una mwanga, upande mwingine uko gizani kabisa, na kivuli cha sayari kimeangukia kwenye pete. Nzuri mno, ila kutoka duniani Zuhali haionekani hivyo hata siku moja. Sisi tuko upande wa jua ukilinganisha na yenyewe, kwa hiyo tunaiona karibu yote ina mwanga muda wote, kuiona nusu giza lazima uwe umeifuata hukohuko. Hiyo ni picha ya chombo cha anga za juu Cassini, kilichoizunguka Zuhali toka 2004 mpaka 2017. Ya Mshtarii (Jupiter) nayo hivyohivyo, vimbunga vya bluu vimejikunja kwenye ncha ya kusini, hiyo ni kazi ya chombo kingine, Juno, kilichofika kule 2016 na kupita juu ya ncha zake, sisi huku tunaiona Mshtarii kwa ubavuni, ile mikanda yake ya kahawia. Na kitu kingine cha kushikia: pete za Zuhali mwezi Machi 2025 zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi, zinafunguka taratibu tu miaka inayofuata, sasa mtu akikuletea picha ya mwaka huohuo pete zimetanuka kama sinia akasema ni ya juzi, mwache.

Kuna na video ya mwezi mpevu kaandika "jana usiku, live kutoka Kigamboni". Ile jana yake watu walikuwa wanautafuta mwezi mwandamo. Hapo hata elimu ya nyota huhitaji, kalenda ya msikitini inatosha.

Akishakuona umeingia anaanza kukuongezea. Filta ya kuondoa taa za mji, elfu themanini, eti Dar kuna taa nyingi huwezi kuona sayari bila hiyo. Uongo. Taa za mji zinaua nyota hafifu na mawingu ya nyota ya mbali, lakini mwezi, Zuhura, Mshtarii, Mirihi na Zuhali vinang'aa vya kutosha, unaviona hata ukiwa Manzese katikati ya mataa. Na sisi wa Dar tumependelewa, tuko karibu na ikweta kwa hiyo mwezi na sayari vinapita juu utosini, sehemu yenye hewa kidogo ya kupenya, wenzetu wa Uingereza miaka mingine wanaviona chini kwenye upeo wa macho wanalia tu. Kinachotuharibia sisi ni joto. Bati na zege vinakaa vinatema joto mpaka usiku, ukichungulia juu ya paa la jirani saa mbili sayari inachezacheza kama iko chini ya maji. Weka miguu kwenye nyasi au udongo, iache darubini nje ipoe kwanza, subiri saa nne, tano, utaona tofauti bila kununua filta ya mtu.

Kingine anauza flashi yenye "programu ya kusafisha picha", elfu hamsini. Humo ndani ni AutoStakkert na RegiStax, ambazo unazipakua bure. Kazi yake ni kweli inafanyika hivyo, huchukui picha moja, unarekodi video ya dakika moja au mbili ya Mshtarii, programu inachagua fremu zilizotulia na kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka mikanda inatokea. Lakini kulipia elfu hamsini kitu cha bure, hapana. Na ile "kamera ya sayari" anayouza na yenyewe haina hata namba ya modeli, achaneni nayo, simu yako na adapta ya kuibana kwenye lenzi inatosha kuanzia, ilimradi adapta iingie. Hizi darubini zake kilenzi cha jicho ni kile chembamba cha inchi 0.965, vifaa vingi vya siku hizi ni inchi 1.25, kwa hiyo hata ukitaka kubadilisha lenzi mbovu uweke nzuri inagoma.

Sasa hili naomba lisomwe na kila mwenye mtoto. Kwenye boksi kuna kioo kidogo cheusi kimeandikwa SUN, kinafungwa kwenye kile kilenzi cha jicho, na jamaa anakitangaza kabisa eti jiandae na kupatwa kwa jua Agosti 2, 2027. Ni kweli siku hiyo jua litapatwa na sisi huku tutaona sehemu tu, kupatwa kamili ni kaskazini huko Misri na Saudia. Lakini kile kioo KITUPE. Kikae mbali na mtoto. Kinakaa mahali ambapo darubini imeshakusanya mwanga wote wa jua na joto lake, kinaweza kupasuka hapohapo jicho likiwa limebandikwa, na upofu wa namna hiyo hauumi, unajua jicho likiwa limeshaharibika. Filta ya jua inayofaa inafunga MBELE ya bomba, kabla mwanga haujaingia. Nilikivunja cha dogo kwa nyundo nikafukia, mama yake anajua.

Kwa wanaotaka kununua kweli: mwambieni muuzaji mkutane jioni mwezi ukiwa nusu, mchungulie kabla ya hela. Mwenye kitu kizuri hakatai, atafurahi. Chenye kioo cha milimita 114 au 130 na stendi nzito kinakuonyesha pete za Zuhali na ile miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, na hela ikiwa ndogo, bainokula (darubini za macho mawili) za 10x50, yaani zinakuza mara 10 na lenzi ni milimita 50, ni bora mara mia kuliko huo uchafu wa 675. Kwenye akaunti bonyezeni sehemu ya kuhusu akaunti, inaonyesha ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Maoni yamefungwa, bei "njoo inbox", kimbieni. Boda akifika, boksi lifunguliwe mbele yake ndo hela itoke, akisema ana haraka arudi nalo.

Na kama umeshalipa, usifute chati. Piga picha skrini zote pamoja na ujumbe wa muamala na lile jina lililokuja wakati unatuma hela, nenda kituo cha polisi chukua RB (namba ya taarifa yako), na meseji yake iforwadi kwenda 15040 pamoja na namba yake, ile ya kuripoti matapeli. Mama wa hapa jirani RB anayo tayari. Kuna wengine wawili wamenitafuta, mmoja wa Tabata na mmoja wa Mbagala, boksi lilelile na tundu lilelile la plastiki, kwa hiyo kama na wewe unalo sema hapa tuunganishe, maana pale kituoni walisema wakija wengi na namba ni ileile inakuwa rahisi zaidi kufuatilia.