Trekta la chama huko Magarini: tumelipima kwa foleni yake

Mvua za mwaka, yaani masika, hazimngoji mtu. Huku kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya, kuanzia Gongoni na Marafa mpaka bonde la Sabaki, zikishaanguka mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, mwenye konde ana wiki mbili, akibahatika tatu, za kutia mbegu ya mahindi na pojo ardhi ikiwa na unyevu wa kutosha. Ndiyo maana jambo la kwanza tulilolipima kwenye chama hiki cha wakulima wanaomiliki mashine kwa pamoja ni foleni: trekta huanzia kwa nani, hupita wapi, na wa mwisho hufikiwa lini.

Mali ya chama si nyingi. Kuna matrekta mawili ya nguvu za farasi 75, plau mbili za diski tatu, haro moja ya kuvunjia mabonge, trela, mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na trekta, na pampu tatu za maji za inchi 3. Trela tuliache, linafanya kazi yake na halina neno.

Foleni hupangwa kwa udongo kwanza, halafu kwa kitongoji. Mchanga mwekundu wa Magarini hulimika hata ukiwa mkavu, kwa sababu diski huzunguka na kukata badala ya kusukuma, kwa hiyo matrekta huanzia huko katikati ya Machi kabla tone halijaanguka. Mfinyanzi wa bondeni ni habari nyingine. Ukilimwa mkavu hutoa mabonge kama matofali, na haro hupita juu yake bila kuyavunja. Ukilimwa na maji, tairi huteleza na kuukandamiza. Dereva huchukua udongo wa kina cha shubiri moja na kuufinyanga kiganjani. Ukivutika ukawa kamba nyembamba, trekta haliingii. Ukikatika vipande vipande, plau inashushwa. Kwa mpangilio huu mvua ya kwanza ikifika, makonde ya mchangani yameshalimwa na matrekta yote mawili yako huru kuteremka bondeni. Hakuna trekta la kukodi la mtu binafsi tunalolijua huku linalofuata utaratibu huo. Matrekta ya watu binafsi hukimbilia penye ekari nyingi na barabara nzuri.

Kitongoji kikishaanza, trekta haliondoki mpaka ekari zote zilizoandikwa pale ziishe. Wako wanaoliona sharti hili gumu, sisi tunaliunga mkono. Trekta la kasi ya kilomita 20 kwa saa likisafiri kilomita 15 kumfuata mtu mmoja, limepoteza dakika 45, na kwa hesabu itakayofuata hapa chini hizo ni robo tatu za ekari ya mtu mwingine. Faida kubwa imewafikia wenye vipande vya nusu ekari, wengi wao kina mama. Makonde yanayopakana hulimwa kwa mkupuo mmoja, mipaka ikiwekwa vigingi, na aliyekuwa akikataliwa na wenye matrekta kwa udogo wa shamba lake sasa analimiwa.

Kasoro kubwa iko kwenye orodha yenyewe: haina kikomo. Plau ya diski tatu hukata upana wa kama sentimita 90. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, hizo ni mita za mraba 5,400. Ondoa robo kwa kugeuza na kurudia mistari, unabaki na kama 4,050, yaani ekari moja kwa saa. Wiki tatu za saa 10 kwa siku ni saa 210 kwa kila trekta, matrekta mawili saa 420. Siku za mvua, safari na ubovu hula theluthi nzima. Kwa hiyo baada ya mvua kuanza, uwezo wa kweli wa chama ni ekari 280 hivi. Hata hivyo arubuni huendelea kupokewa hata idadi hiyo ikishapita, na wanaopata hasara ni wa kitongoji cha mwisho, ambao hulimiwa wakati mahindi ya jirani yameshafika magotini. Kamati ingefunga orodha hesabu ikitimia, na anayekosa aambiwe mapema atafute jembe au trekta jingine. Kupokea pesa ya mtu ambaye hutaweza kumfikia kwa wakati ni kumdhulumu, hata kama baadaye atarudishiwa.

Kuandikisha kwenyewe ni rahisi. Mwanachama hulipa arubuni kwa M-Pesa kabla ya mwisho wa Februari, karani humwandika jina, kitongoji na aina ya udongo, halafu huja kupima. Hapo kwenye kupima chama kimefanya jambo tunalolisifu bila kusita. Desturi ya huku ni ekari kuwa hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo ni sawa ikiwa hatua ni ya yadi nzima, sentimita 91. Mtu wa kawaida akitembea shambani hatua yake ni sentimita 75 au chini, na 70 kwa 70 za hatua hiyo ni mita za mraba 2,756, wakati ekari ni 4,047. Unalipia ekari nzima, unalimiwa kama theluthi mbili. Chama hupima kwa kamba ya mita 64 yenye mafundo kila mita 16, mbele ya mwenye shamba, na vigingi hubaki shambani mpaka kazi iishe.

Siku tatu kabla ya zamu yako kuna kazi yako wewe. Ng'oa visiki, na kisichong'oka, hasa cha mkoma, kipigie kigingi kirefu chenye kitambaa. Vichuguu vivunjwe. Acha mita 7 au 8 kila mwisho wa shamba ili trekta ligeuze bila kupanda ua wa jirani. Chini ya mikorosho na minazi, weka alama pale kivuli cha matawi kinapoishia na plau isivuke hapo, maana mizizi inayolisha mti iko karibu na juu na diski ya inchi 26 huikata kama panga.

Kisiki ndicho kilichokuwa kikileta ugomvi. Diski ikikigonga hupinda, au hupasuka ukingo, au beringi yake hulegea. Hili la mwisho ndilo baya, kwa sababu halionekani. Ukizungusha diski kwa mkono na kuisikia ikicheza kando, au ikikwaruza kama yenye mchanga ndani, isimamishwe palepale, kwani ikiendelea hutafuna nyumba ya beringi, na badala ya spea ndogo unanunua kitovu kizima. Kanuni ya chama ni fupi: kisiki kisicho na alama hulipiwa na mwenye shamba, chenye alama hulipiwa na dereva, na jiwe lililofichika chini hulipiwa na chama. Dereva na mwenye shamba hupita konde pamoja na kutia sahihi kabla plau haijashushwa. Tangu hapo mabishano yamepungua.

Kuhusu kina cha kulima hatujaridhika. Dereva hulipwa kwa ekari, kwa hiyo ana sababu ya kuinua plau kidogo na kukaza mwendo. Ekari ikiisha kwa dakika 40, jua kuna kitu kimepunguzwa. Kata kijiti, kitie alama sentimita 18, ukisimamishe kwenye ukuta wa mtaro wa mwisho, upande ambao haujalimwa. Usipime kwenye udongo uliofumuka, utakudanganya kwa kuwa umevimba. Mtaro usipofika alama, mwite dereva wakati yuko bado shambani. Akishaondoka huna dai. Ingekuwa haki zaidi dereva alipwe mshahara wa siku na nyongeza ndogo ya ekari, na utingo akabidhiwe kijiti.

Jambo jingine ni kwamba plau ikipita kina kilekile mwaka baada ya mwaka hutengeneza tabaka gumu chini yake. Maji ya mvua hutuama juu ya tabaka hilo na mizizi ya mahindi hupinda kando. Dawa yake ni ripa, vyuma virefu vinavyopasua mstari bila kupindua udongo. Chama hakina hata moja. Kwa mchanga mwekundu, ambao kila ukipinduliwa hupoteza mboji yake kidogo, ripa ingefaa kuliko plau na ingekula dizeli kidogo kuliko plau. Pesa zikipatikana, hiyo inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote.

Bei imefungwa kwa dizeli: ekari moja kulimwa ni thamani ya lita 20, kwa bei ya Malindi ambayo EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na petroli, huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Hakuna kubishana, na dizeli ikishuka mkulima naye anapumua. Mchanganuo umebandikwa ukutani: lita 8 huchomwa shambani, 2 barabarani, 4 ni za dereva na utingo, 3 za sevisi na spea, 3 za akiba ya kununua trekta jipya. Hiyo akiba ndiyo inayotutia wasiwasi. Trekta likifanya saa 6,000 kabla ya kuchoka, na kwa visiki na chumvi ya huku si busara kutarajia zaidi, ekari 6,000 mara lita 3 ni lita 18,000. Kwa bei za miaka hii, hiyo haifiki trekta jipya na plau yake. Na kidogo hicho kinakaa akaunti moja na pesa za matumizi, kwa hiyo tairi likipasuka ndiko mkono unakoingia. Akaunti ya pili haina gharama ya kuogopesha.

Huduma dhaifu kabisa ni ya kupukuchua mahindi. Mavuno ya mvua za mwaka huja Agosti, manyunyu bado yapo, na mashine huzungushwa kwa ratiba ya trekta badala ya ukavu wa mahindi. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, kwa kukadiria tu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Shafti ya nyuma ya trekta, ile inayozungusha mashine, izunguke mara 540 kwa dakika, isizidi. Dereva akikanyaga mafuta ili amalize haraka, punje hupasuka, na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa wadudu na wa kuvu lenye sumu ya aflatoksini. Chota konzi moja pale zinapotokea na uzitazame. Ukiona nyingi zimevunjika, simamisha mashine.

Pampu za kukodi kwa siku zinasaidia sana wenye bustani kando ya Sabaki, lakini maji ya mto huo ni ya matope na mchanga wake hula panga za pampu na sili inayozuia maji kuvuja. Chujio liinuliwe shubiri mbili kutoka chini kwa kulifunga kwenye dumu tupu linaloelea. Pampu isikae zaidi ya mita 6 juu ya maji, ikizidi hapo huvuta hewa na kuchemka. Ijazwe maji kabla ya kuwashwa, kwani kuizungusha kavu kwa dakika mbili kunatosha kuunguza sili. Pampu mbili kati ya tatu zimeharibika kwa sababu hiyo hiyo, na spea huchukua siku nyingi kufika. Walio karibu na mdomo wa mto wajue zaidi: wakati wa bamvua bahari hupanda mtoni, na ukivuta maji yakiwa yamejaa unamwagilia mboga chumvi. Ngoja yatoke.

Sevisi ya matrekta inafanywa vizuri. Oili na filta hubadilishwa kila saa 250, na hufanywa mwanzoni mwa Machi ili zamu isianguke katikati ya foleni. Grisi hupigwa kila asubuhi. Kila jioni mashine huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu upepo wa chumvi hapa hula bolti kimyakimya mpaka siku ya kufungua ndipo bolti ikakatika kichwa.

Hisa ni sawa kwa wote, mwenye nusu ekari na mwenye ekari 12. Ufaransa, ambako vyama vya namna hii viitwavyo CUMA vipo tangu 1945, mkulima hununua hisa kulingana na kazi anayoahidi kuipa mashine, na kura hubaki moja kwa mtu. Hilo lingewafaa hata wanachama wa huku. Mwenye ekari 12 anachosha trekta saa 12, na mtaji alioweka ni uleule wa jirani yake wa dakika 30.

Anayetaka kujiunga mwaka huu, mwenye ekari moja mpaka tano kwenye mchanga mwekundu, ajiunge. Wa bondeni aulize kwanza kitongoji chake ni cha ngapi kwenye orodha na ekari ngapi zimeshaandikwa mbele yake. Kabla ya kulipa, nenda bandani, soma mita ya saa kwenye dashibodi ya trekta, kisha uombe daftari la kazi. Saa zilizopita tangu msimu uliopita na ekari zilizoandikwa ziwe zinakaribiana, ukiongeza safari, trela na kupukuchua. Tofauti ikiwa kubwa, kuna makonde yamelimwa nje ya daftari, na hilo ni la kuwauliza wasimamizi kwenye mkutano, daftari likiwa mkononi.