Siku tisa Niue: boya, winchi na watu wa gatini

Nimefanya kazi ya upishi na ubaharia kwenye mashua za matanga kwa miaka sita, na natamani wenzangu wa pwani wanaoajiriwa kwenye safari za Pasifiki wajue habari za Niue kabla ya kufika. Mwaka jana mwezi wa nane tulikaa pale siku tisa, watu wanne, tukitokea Rarotonga, katika Visiwa vya Cook, baada ya siku tano na ushei baharini.

Niue haina bandari. Ni jiwe la matumbawe lililopanda kutoka kilindini, kilomita za mraba 260 hivi, lenye wakazi wasiofika 2,000, na pembeni ni majabali. Alofi, mji mkuu, umekaa upande wa machweo kama Mji Mkongwe wetu wa Unguja, kwa hiyo upepo wa kusi-mashariki ukivuma kisiwa chenyewe kinakukinga. Ukigeuka ukavuma kutoka magharibi, huna pa kujificha. Unaondoka, hata kama ni usiku wa manane.

Kutia nanga hapo sikushauri. Maji ni marefu na chini ni matumbawe, na sisi tulikuwa na kidonda: katika kisiwa kimoja kabla ya hapo mnyororo wetu ulinasa kwenye mwamba, nahodha akapiga mbizi saa nzima kuunasua. Niue klabu ya mashua ya kisiwa imeweka maboya, yapata ishirini, na unalipia kwa siku. Tulipoita kwenye redio, chaneli 16, tulijibiwa papo hapo, tukaelekezwa tushike boya lipi na maofisa watatukuta wapi. Niliruka majini kukagua kamba ya boya. Maji ya Niue sijaona mfano wake, kwa sababu kisiwa hakina mto hata mmoja wa kumwaga tope baharini. Kutoka juu nililiona zege lililofungwa kamba kule chini kana kwamba liko ndani ya bilauri.

Sasa gati. Mawimbi yanapanda na kushuka kwenye ngazi za zege muda wote, na dingi, kile kiboti cha kushukia pwani, ukiifunga hapo itapasuka. Kwa hiyo kuna winchi ya umeme, na unaiendesha mwenyewe. Dingi yako lazima iwe na kamba za kunyanyulia zinazokutana juu kwenye pete moja, nazo muzipime kwenye mashua kabla hamjaja nchi kavu. Mmoja anaruka ngazini wimbi likiwa juu, anapanda, anashusha kulabu. Aliyebaki anatia pete, naye anaruka. Kisha unabonyeza kitufe, dingi inapanda ikichuruzika maji, unaizungusha, unaikalisha kwenye toroli na kuisukuma pembeni. Mara ya kwanza niliruka wimbi likiwa limeshaanza kushuka. Mguu uliteleza, goti likachubuka vibaya. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza vaka yake, mfano wa ngalawa yetu ila ina rengu upande mmoja tu, aliacha kazi akanishika mkono, akakaa nami mpaka wenzangu wakapanda. Alinionyesha namna ya kuhesabu mawimbi. Baada ya hapo sikuteleza tena. Vaeni viatu vya mpira vyenye meno, na pasi za kusafiria na simu ziwe ndani ya mfuko usioingiza maji.

Uhamiaji, forodha na watu wa karantini walitumalizia shughuli zetu pale pale gatini. Walikuwa wapole, lakini kwenye matunda na mboga hawana mchezo. Wapishi, maliza tunda bichi lolote kabla hujafika.

Ununuzi unategemea meli. Meli ya mizigo hukaa nje na shehena huletwa kwa tishari, na ikikaribia zamu yake kuja, rafu za maduka zinakuwa nyeupe. Unga na mchele nilipata, vitunguu sikuvipata mpaka siku ya sita. Fedha ni dola ya New Zealand. Soko la asubuhi ndilo lililonifaa zaidi: mihogo, mapapai, ndizi na majimbi, vitu ninavyojua kuvipika hata nikifumba macho. Kaa wa nazi, wao humwita uga, humla kwa furaha. Mimi nimekulia karibu na Chumbe ambako analindwa, nikashukuru na kula samaki.

Dizeli tulibeba kwa madumu kutoka kituo cha mafuta, na ni kazi ya kuvunja mgongo kuyashusha kwa winchi. Gesi ndiyo iliyoniudhi. Duka moja lilituambia mtungi utakuwa tayari kesho yake, ukatoka siku ya nne, nami nikapika kwa jiko la mafuta ya taa. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyetwambia mapema kuwa kiungo cha mtungi wetu hakiingiliani na chao.

Jumapili kila kitu kinasimama. Watu wako kanisani, boti haziendi kuvua, nasi tuliheshimu tukakaa mashuani. Usiku huo nyangumi-kibyongo, mama na mtoto, walipumua karibu nasi mpaka nikasikia pumzi ya mdogo ikifuata ya mkubwa. Nimewahi kuwaona nyumbani kwa mbali msimu wa kusi, lakini si kuwasikia nikiwa kitandani.

Siku ya tisa utabiri ulionyesha upepo unageukia magharibi. Asubuhi tulilipa deni la boya, tukagongewa mihuri, na yule mvuvi akatusaidia kushusha dingi kwa sababu mawimbi yalikuwa yameshakua. Saa kumi jioni tuliachia boya kuelekea Vava'u, Tonga. Nikirudi, na nia ninayo, mitungi yote miwili nitaijaza Rarotonga.